Mkebe wa Kadi Arobaini na Tatu: Wasifu wa Marehemu Eddah Kalondu Ngui (1947–1999)

Umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Gedion Mulinge, nyumbani kwa marehemu, Msambweni, Jumamosi tarehe 28 Agosti 1999.

Mchungaji, wazee wa kanisa, masheikh na majirani zetu mliofika tangu alfajiri kusaidia kuchimba, akina mama wote mlioketi huku mkekani: wakubwa zangu, shikamooni. Mchungaji amenipa dakika kumi. Marehemu angenipa tano, kisha angeketi pale mbele na kunitazama mpaka nimalize, kwa hiyo nitajitahidi. Liko jambo moja katika wasifu huu ambalo wengi wenu hamlijui. Nimeomba lichapishwe kwenye karatasi mliyoshika, ili nikifika hapo nisije nikaliruka kwa woga. Najijua.

Marehemu Eddah Kalondu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1947 huko Kilungu, wilaya ya Machakos ya wakati ule. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Nzau Mulinge na Mama Nzisa, ambaye tunaye hapa, amekaa kwenye kile kiti cha kamba. Mimi nilizaliwa mwaka 1953. Katikati yetu walizaliwa wengine wawili ambao Mungu hakuwaacha wakae. Mwaka 1957 baba alipata shamba katika ardhi ya makazi ya Shimba Hills, nasi tukashuka pwani na lori pamoja na kuku, majembe na mawe matatu ya jiko ambayo mama alikataa kuyaacha. Lori lilikwama matopeni kabla ya kufika. Baba alibeba magunia, mama akabeba vyombo, na Kalondu, msichana wa miaka kumi, akanibeba mimi mgongoni mpaka tulipofika. Mama husema nilikuwa na miaka minne na miguu mizima kabisa. Niligoma tu kutembea.

Alisoma shule ya msingi huko huko milimani na akamaliza darasa la saba mwaka 1963. Alipita mtihani. Mwalimu wake alikuja nyumbani mara tatu kumwomba baba ampeleke sekondari. Mara ya tatu alikuja na jogoo, jambo ambalo sijapata kulisikia popote, mwalimu kumpelekea mzazi jogoo. Baba alimchinja yule jogoo, wakala pamoja, kisha akasema, "Mwalimu, pesa nilizonazo ni za mtoto mmoja. Huyu ataolewa. Nitamngojea Gedion." Gedion mwenyewe wakati huo alikuwa darasa la tatu na hajui hata hesabu ya kutoa.

Dada yangu hakulia, au kama alilia hatukumwona. Nilipoingia sekondari, yeye akiwa amekwisha kuolewa, kila likizo alikuwa ananiketisha na kuniambia, "Haya, nifundishe ulichofundishwa." Nami namfundisha. Nikikosea, ananirekebisha. Kufikia kidato cha pili alikuwa anaijua historia kunishinda, na daftari lenyewe ni langu. Ada yangu ya mwaka wa mwisho ililipwa na mahindi yake. Hayo nayasema kwa sababu yanahusiana na yale yanayokuja.

Tarehe 3 Desemba 1966 alifunga ndoa takatifu na Bwana Gerishom Ngui, ambaye wakati huo alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya miwa Ramisi, nao wakaanza maisha kwenye shamba hili tuliloketi leo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ndulu, Jacinter na Nzau. Katika miaka thelathini na miwili ya ndoa, shemeji yangu Gerishom hakuwahi kumwuliza mkewe anatoka wapi. Alikuwa anamwuliza, "Umekula?" Mkitaka kujua nyumba hii ilijengwa na nini, ni hilo swali.

Kule milimani tulipika kikwetu tu, kwa hiyo dada alishuka huku hajui nazi inapikwaje. Wiki ya kwanza ya ndoa alivunja moja, akaikatakata vipande kama viazi, akaitumbukiza kwenye muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Akaipika tangu asubuhi mpaka adhuhuri akingoja ilainike. Jirani yake Bi Mishi, bi harusi mwenzake, alikuja kuomba moto, akafunua sufuria na kuchungulia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Shoga yangu," alimwambia, "hiyo utaipika mpaka Kiyama! Njoo nikuonyeshe."

Akaenda kwake, akaleta kibao cha mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma cha meno ambacho twaketi juu yake kukuna nazi, akamketisha dada na kumshikisha kifuu. Alasiri hiyo dada alikuna nazi mbili na vidole vitatu. Urafiki wao ulianza hapo na haukukatika tena. Yule alikuwa Mdigo, Mwislamu, mwana wa hapa. Huyu alikuwa Mkamba, Mkristo, mtu wa kuja. Bi Mishi, pole sana, dada yangu. Najua tangu Jumapili hujala.

Kazi ya marehemu mnaijua. Kuanzia mwaka 1980 alikuwa mwalimu wa ngumbaru, akiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na wanafunzi wake wengi walikuwa akina mama. Alikuwa anasema mtu akijua kuandika jina lake ataanza kuuliza linaandikwa wapi. Na kweli wakaanza kuuliza. Mbona kisima kimechimbwa kwa ndugu ya diwani? Mbona kamati ya zahanati ina wanaume kumi na mmoja na wanaojifungua ni sisi? Wakija kwake na maswali hayo, yeye anawajibu, "Msiniulize mimi. Kasimameni barazani mkaulize." Nao wanakwenda barazani, wanaketi nyuma, na hakuna anayefungua mdomo.

Mwaka 1994 alialikwa Mombasa kwenye warsha ya siku nne ya kuwaandaa wanawake kwa uongozi. Alirudi na faili, cheti na karatasi kubwa kama shuka za kubandika ukutani. Akawaita akina mama, akabandika zile karatasi pale kwenye ukuta wa jiko, akasema, "Leo tunajifunza kuzungumza mbele ya watu. Nani ataanza?" Walitazama karatasi, wakatazama miguu yao. Wiki ya pili ikawa vivyo hivyo. Wiki ya tatu Bi Mishi alikuwa pembeni anakuna nazi ya chakula, na huku anakuna akaanza kuwasema watu wa kamati ya maji, jina kwa jina, kwa mpangilio, na ushahidi, bila kupumua. Dada akasikiliza. Akabandua zile karatasi, akafungia maandazi.

Kuanzia siku hiyo kila mwanamke alikuja na kibao chake na nazi yake. Sheria ilikuwa moja: anayekuna hakatizwi. Unaketi, unakuna, unasema shida moja ya kijiji na dawa yake mpaka nazi iishe. Sentensi ya mwisho unaisema umesimama. Wiki inayofuata nusu ya nazi umeketi, na maneno ya nusu ya pili unayasema umesimama, mikono mitupu. Baada ya miezi, kibao kinabaki nyumbani. Mikono ndiyo iliyokuwa inawatia woga, alikuwa anasema, hawajui waiweke wapi.

Wanaume wa hapa, wallahi, walicheka. Wakawaita "Beijing", kwa ule mkutano mkubwa wa wanawake uliofanyika China. Mwanamke akichelewa sokoni Kombani, utasikia, "Yuko Beijing huyo, anakuna." Hata mimi nilicheka. Siku moja nilitoka kazini Diani, mimi ni mtunza stoo wa hoteli, nikaingia uani hapa, nikaona wanawake ishirini na nazi ishirini. Nikasema, "Ahaa! Harusi ya nani? Chakula tayari?"

"Keti," dada akaniambia. "Anayeingia hapa anakuna, na anayekuna anasema."

Nilikuna. Nilisema kuhusu barabara ya Ukunda kwa muda kama wa kumenya yai, nikajikata kidole gumba, na shida zote za nchi zikanitoka kichwani. Bi Hannah, yule pale, aliniambia, "Mwalimu, huyu tumrudishe darasa la kwanza." Nikaelewa kidogo walichokuwa wanakifanya.

Mwaka 1997 Bi Mishi akakubali kugombea udiwani wa wadi yetu. Mumewe, Mzee Fondo, alisema kwanza kwamba hilo halitakuwa akiwa hai. Dada akamwendea na wali wa nazi, akakaa naye ukumbini tangu baada ya sala ya adhuhuri mpaka alasiri. Walichozungumza hakuna anayejua. Mzee Fondo alipotoka alisema, "Mimi sijakubali. Ila sijakataa." Kwa hapa kwetu hiyo ni baraka.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Katika uchaguzi wa 1992, wanawake wengi wa hapa hawakupiga kura, na si kwa kupenda. Kadi zao za kura zilikuwa kwenye masanduku ya waume zao, na funguo zilikuwa shingoni mwa waume zao. Nyingine zilikuwa zimekwisha kubadilishwa na kilo ya sukari au doti ya leso. Kwa hiyo mwaka 1997, baada ya kujiandikisha, akina mama wa kikundi wenyewe walimjia dada. "Mama Ndulu, tuwekee wewe. Zikiwa kwako hakuna wa kuzigusa." Dada akazichukua. Kadi arobaini na tatu, pamoja na vitambulisho vyao, akaziweka kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akaufunga kwa mpira, akaufukia chini ya unga. Alikuwa na furaha siku ile. Alinionyesha akasema, "Gedion, tazama. Huu ndio ushindi wa Mishi, umo humu ndani."

Agosti hiyo, mnakumbuka. Sitaki kuyarudia machafuko yale mbele ya maiti. Sisi watu wa bara tuliambiwa tuondoke, na wengi tuliondoka. Dada na jamaa yake walijihifadhi kwenye uwanja wa kanisa hapa Msambweni. Mimi nilifika pale na mke wangu na watoto kuagana naye kabla ya kwenda Kilungu, na dada akanipa ule mkebe. "Nyumba zinachomwa," akasema, "na hapa tunalala watu mia. Huko kwetu ni salama. Uende nao, uurudishe mapema." Nikamwambia nitaurudisha. Ni mimi niliyeupokea. Niliufunga ndani ya koti langu.

Mwanzoni mwa Oktoba Bi Mishi alitembea kwa miguu mpaka kanisani, akamkuta dada ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Akamwambia, "Nyumba yako nimeifagia, mbuzi wako nimewakama. Mzee Fondo anasema anayetaka kukugusa aanzie kwake. Inuka twende." Dada akainuka. Kampeni ikaanza, kwa tikiti ya chama kidogo ambacho hata bendera hakikuwa nayo. Kwenye mkutano wa kwanza, uwanjani pa shule, Bi Mishi alisimama mbele ya watu mia tatu akakauka. Neno halikutoka. Wanaume wakaanza, "Beijing! Beijing!" Ndipo alipotokea Mzee Fondo katikati ya umati, uso umekunjamana, amebeba kibao cha mbuzi begani na nazi iliyopasuliwa mkononi. Akaviweka mbele ya mkewe, akarudi mahali pake. Bi Mishi akaketi, akakuna, akasema. Nazi ilipokwisha alikuwa amesimama, na uwanja umenyamaza. Mimi sikuwapo. Nimesimuliwa na dada kwa barua.

Barua hizo ninazo. Ya Septemba inasema, "Gedion, leta mkebe." Ya Oktoba inasema, "Hali imetulia, leta mkebe." Ya Novemba inasema, "Ndugu yangu, kama unaogopa, mpe mtu unayemwamini aulete." Sikumpa mtu. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naona haya kuonekana naogopa, kwa hiyo kila wiki nilisema wiki ijayo. Nilisafiri tarehe 27 Desemba. Mvua za El Niño zilikuwa zimekula barabara ya Mombasa, basi letu likalala njiani usiku wa kwanza, likalala na wa pili. Nilifika feri ya Likoni jioni ya tarehe 29, siku yenyewe ya kura, na kwenye uwanja huu nikafika asubuhi ya tarehe 30, vituo vimefungwa, masanduku yamekwenda. Watu nimekuwa nikiwaambia ni mvua. Mvua ilikuwapo kweli. Lakini mwezi wa Septemba barabara ilikuwa kavu.

Bi Mishi alishindwa kwa kura kumi na tisa.

Akina mama walikuja wote hapa, wakasimama pale penye mti wa muarobaini. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba na mkebe miguuni. Nilisikia Bi Hannah akiuliza, "Mama Ndulu, mkebe ulikuwa wapi?" Nikainuka nitoke. Dada akaingia, akauchukua mkebe, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa." Nikakaa. Akatoka nje akawaambia, "Nilikuwa nao mimi. Nimechelewa. Nisameheni." Hakutaja jina la mtu. Akamwita kila mmoja kwa jina lake na kumpa kadi yake. Wengine walizipokea bila kumtazama. Bi Hannah hakumsalimia mwaka mzima, na kusema kweli alikuwa na haki. Bi Mishi alipokea yake mwisho, akamwambia, "Shoga, minazi bado ingalipo."

Walipoondoka nilimwambia, "Kwa nini umejibebesha? Waambie ni mimi."

Akanijibu, "Wewe ulichelewa, na mimi nitakugombeza kwa hilo mpaka nife. Lakini hawakukupa wewe, walinipa mimi. Mimi, Gedion, nawafundisha wanawake kushika uongozi, halafu nawashikia kadi zao! Nimewatoa kwenye sanduku la mume nimewatia kwenye mkebe wangu. Tofauti ni nini? Hata kama ungefika mapema, nilikuwa nimekosea."

Nimeishi na hilo neno "Kaa" kwa miezi ishirini. Akina mama arobaini na tatu, mlimkasirikia asiyestahili. Mkebe ulikuwa kwangu. Mkiwa na hasira iliyobaki, mimi niko hapa, nawaomba radhi mbele ya Mungu na mbele yake yeye. Nimemaliza jambo lenyewe. Nipeni maji kidogo.

Baada ya hapo kikundi kilibaki na watu sita. Aliendelea na hao sita. Sheria ikawa mbili: anayekuna hakatizwi, na kadi hakuna wa kumshikia mwenzake. Aliwafundisha kuifunga kwenye pindo la leso, pale pale mwanamke wa pwani anapofunga pesa zake, mafundo mawili, na kulala nayo. Polepole wengine walirudi. Bi Hannah alirudi mwaka jana mwezi wa Novemba, akaingia na kibao chake bila salamu, akaketi, akakuna nazi nzima akimsema dada. Dada hakumkatiza. Nazi ilipokwisha Bi Hannah akasimama, kama sheria ilivyo, akasema sentensi ya mwisho: "Na nilikuwa na hamu nawe." Wakakumbatiana na machicha ya nazi mikononi.

Machi mwaka huu marehemu alianza kutokwa na damu na kupatwa na maumivu ya tumbo. Hapa Msambweni, kisha Mombasa, madaktari walisema ni saratani ya kizazi na imekwisha kutambaa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Mwezi wa Mei diwani wetu alifariki, Mungu amrehemu, ikatangazwa kwamba uchaguzi mdogo utakuwa Alhamisi tarehe 19 Agosti. Dada aliposikia alimwambia Gerishom, "Mungu anipe mpaka Agosti, sitaki zaidi." Gerishom akamwuliza, "Umekula?" Akala uji kikombe kizima.

Mazoezi ya mwisho aliyasimamia amelala mkekani ukumbini, mto mgongoni. Mwanzo wa Agosti alilazwa hospitalini hapa Msambweni. Siku moja kabla ya kura aliniita. Nikajua ananituma kazi kubwa ya kulipia deni langu. Nikamwambia, "Dada, nikapige debe? Nikalinde masanduku?"

"Wewe umejiandikisha Diani, huna kura hapa," akasema. "Na masanduku wanayalinda wenyewe. Mwaka ule wengine walirudi nyumbani bila kusubiri zamu, watoto mgongoni wanalia. Nenda ukabebe watoto."

Ndivyo nilivyofanya. Alhamisi ile, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, mimi Gedion Mulinge, mtu wa miaka arobaini na sita, nilikaa nje ya kituo cha kura kwenye kivuli cha darasa na watoto wa watu. Wakati mmoja nilikuwa nao saba, mmoja mgongoni nimemfunga kwa leso ya Bi Hannah. Alinikojolea. Wanaume wakapita wakasema, "Gedion naye Beijing!" Nikawaambia, "Naam, njooni mnisaidie." Mzee Fondo akaja, akakaa kando yangu, akampakata mmoja. Wanawake walikuwa wanafika mlangoni, wanafungua pindo la leso kwa meno, wanatoa kadi zao.

Bi Mishi alishinda kwa kura thelathini na moja.

Ijumaa akina mama walikwenda hospitalini, wakaingia wodini wachache wachache mpaka muuguzi akachoka kuhesabu. Katika wale arobaini na watatu, mmoja ni marehemu, na mwingine ameolewa Kibuyuni. Waliobaki walifika wote. Dada hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Walimwonyesha vidole, kila mmoja na wino wake kwenye ukucha. Akavitazama kimoja kimoja. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "Na kadi ziko wapi?"

Wakafungua mapindo ya leso zao, wakamwonyesha. Kila mmoja na yake.

Akafungua viganja vyake juu ya shuka, akavitazama, akacheka. "Basi," akasema, "mimi sina cha kushika."

Marehemu Eddah Kalondu Ngui aliaga dunia Jumapili tarehe 22 Agosti 1999, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa kando yake na kikombe cha uji. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Kwenye pindo la leso yake, mafundo mawili, Jacinter alikuta kadi yake ya kura. Amemkabidhi baba yake, kwa maana mama mwenyewe hawezi kuishika tena, na yeye Jacinter anayo yake.

Amemwacha mama yake mzazi, Nzisa. Mume wake, Gerishom. Watoto wake Ndulu, Jacinter na Nzau. Wajukuu watano, akiwemo Kalondu mdogo wa darasa la saba, ambaye ada yake ya sekondari ni mzigo wangu mimi na nimekwisha mwambia babu yake asibishane nami. Shoga yake Bi Mishi, diwani wetu, pamoja na Mzee Fondo. Akina mama wa vibao. Na mimi mdogo wake, niliyebebwa naye nilipokuwa na miguu mizima.

Akina mama, vijana wakimaliza kufukia, kila mtu hutia konzi ya udongo. Nawaomba nyinyi mtangulie. Wino bado uko kwenye kucha zenu, nauona kutoka hapa.

Dada, hatuna tena cha kukupa ukatushikie. Pumzika kwa amani, mikono mitupu.